Ndiyo ya Bibi

Harufu ya tope la majaruba ya mpunga linapoanza kukauka hunirudisha Bahi, kwenye msimu ule Bibi alipopooza upande wa kulia akabakiwa na neno moja. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi, mkubwa, niliacha shule darasa la sita nimuuguze. Mdogo wangu Yusta, wa miaka saba, kazi yake ilikuwa kutuchekesha. "Bibi, wewe ni kuku?" "Ndiyo." "Mimi ndiye mama yako?" "Ndiyo," na Bibi mwenyewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nilijifunza kutazama mkono wake. Akitaka mlenda alisema ndiyo akavuta bakuli; asipoutaka alisema ndiyo vilevile, akalisukuma.

Mavuno yalipokaribia akaja mjomba. "Mama, Yusta nimempatia mahali mjini, kwa watu wazuri. Atawalelea mtoto, nao watamsomesha. Nimchukue?"

"Ndiyo," alisema Bibi. Mkono wake mzima ulikuwa umelikamata gauni la Yusta. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

"Mmemsikia wenyewe," akasema mjomba. Kwetu, mzee akishasema, mtoto hamhoji. Lakini mjomba alinigeukia. "Au wewe unayeshinda naye, unasemaje?"

Aliniuliza, siwezi kusema hakuniuliza. Nilikuwa nimechoka, na unga uliobaki ulikuwa wa siku mbili kwa watu watatu. Nikasema, "Amekubali, mjomba." Kisha nikavibandua vidole vya Bibi kwenye gauni, kimoja kimoja. Nilimuuguza miaka minne zaidi, sikumwacha hata siku moja, na muda wote huo hakupokea tonge langu mpaka nigeuze uso.

Mwaka jana nilimsindikiza jirani mwenye kiharusi hospitali, Dodoma mjini. Muuguzi akatueleza kwamba mgonjwa anaweza kubakiwa na neno moja huku akielewa kila anachoambiwa. Tumwonyeshe vitu, tutazame mkono. Ndugu wa mgonjwa walishangaa. Siku hizi watu wanafundishwa mambo haya. Ningependa sana kusema kwamba sisi hatukufundishwa, lakini mimi nilikuwa nayajua nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Yusta hakupelekwa shule hata siku moja. Anakumbuka kushikwa gauni, anadhani Bibi alikuwa anamuaga. Husema hana wa kumlaumu, maana Bibi mwenyewe alimruhusu, nami hunyamaza. Jumamosi anakuja kunitembelea. Hawezi kusoma haya niliyoandika, kwa hiyo itabidi nimsomee.