Kadi ya Mbuzi Marashi

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi aliyokuja bwana mifugo nyumbani kwetu Malindi, hapa Unguja. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, na mke mwenzangu Tatu alikuwa ametoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya mchele. Nyumbani nilibaki mimi na mbuzi.

Mbuzi alikuwa wa Tatu. Mama yake alimpa siku alipoolewa, akaja naye kutoka Uroa, akamwita Marashi. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mbuzi anukaye hivi ndiye Marashi?"

"Da Mize, hujamzoea tu," akanijibu.

Alimlea uwanjani nyuma ya nyumba kama wewe unavyomlea paka wako. Akimchana manyoya, akimlisha maganda ya ndizi kwa mkono, akizungumza naye kutwa. Mimi nilikuwa mke mkubwa, na mwaka ule nilikuwa sisemi na Tatu ila kwa lazima. Sababu yenyewe ni wivu, wala siipambi.

Marashi alikuwa amedhoofu, anaharisha, na mume wetu alimwomba bwana mifugo apite. Akamtazama macho na ufizi, akasema ni minyoo. Akakoroga mrututu kwenye maji, ile dawa ya buluu, akaipima kwa uangalifu, akamnywesha kwa chupa ya soda. Kisha akatoa kadi, akaandika, akanipa.

"Iweke karibu na mbuzi, bibi. Mtu yeyote akitaka kumpa dawa aisome kwanza. Mrututu ukizidi unaua."

"Nshasikia," nikamwambia.

Kadi ile iliandikwa kwa herufi za kizungu. Mimi nilisoma chuoni tu, chuo cha Kurani. Herufi za Kiarabu nazijua vizuri, lakini hizo nyengine zilikuwa kwangu kama njia za sisimizi. Tatu alikuwa amekwenda skuli. Kumpa kadi ile ilikuwa ni kumpa nafasi ya kunisomea, na kusomewa na mke mdogo niliona ni kushindwa. Nikaikunja, nikaitia sandukuni chini ya kanga, nikafunga kwa ufunguo.

Adhuhuri Tatu akarudi, jasho linamtoka, mchele kidogo kwenye kikapu. Kumbe mama yake naye alikuwa amemletea mrututu, umefungwa kwenye karatasi. Akaja mlango wa jiko, mimi niko chini nakuna nazi.

"Da Mize, nimesikia njiani bwana mifugo kapita mtaani. Marashi keshapewa dawa? Mama kaleta mrututu, nnataka kumpa."

"Muulize mbuzi mwenyewe. Si ndiye unayezungumza naye kutwa?"

"Da Mize, nakuuliza kweli."

"Na mie nimekujibu kweli."

Akaenda uwanjani. Nikasikia maji yanamiminwa. Nikasikia chupa inatikiswa. Niliisikia, mwanangu, na sitakwambia kwamba nilikuwa mbali. Nikajisemea kwamba dawa haimdhuru mgonjwa, na yule bwana mifugo alikuwa anatia chumvi tu. Nikaendelea kukuna nazi mpaka nikafika kwenye kifuu.

Alasiri Marashi alikuwa ameanguka. Anasaga meno, povu mdomoni, na anachoharisha ni maji ya kijani. Tatu alikuwa amempakata kichwa, anamwita jina. Mume wetu akaenda mbio kumfuata bwana mifugo, na alipoingia uwanjani hakusalimu. Aliuliza, "Kadi iko wapi?"

Nikaenda chumbani. Nikafungua sanduku. Nilipoileta, bwana mifugo alikuwa ameshapiga magoti kwa mbuzi, basi aliyeipokea ni Tatu. Akaisoma kwa sauti. Mbuzi jike, mweupe. Mrututu, amepewa asubuhi, na tarehe ya siku ile. Asirudiwe. Akaisoma tena, polepole, halafu akaninyanyulia uso. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeshayaandalia majibu.

"Ungenambia tu, Da Mize," akasema. "Neno moja."

Marashi akafa kabla ya magharibi.

Tatu hakukaa sana baada ya hapo. Alikwenda kwao Uroa kwa wiki moja, wiki ikawa mwezi, na mwisho mume wetu akampa talaka. Watu walitaja sababu zao. Mimi naijua yangu. Nilimfuata Uroa mara moja kumtaka radhi. Akanikaribisha ndani, akanipa chai, akasema ameshanisamehe. Lakini hakuniita tena Da Mize. Aliniita Bi Mize, kama mtu anayemwita mgeni.

Kadi ninayo mpaka leo. Ina mstari mmoja, na chini yake patupu.

Sasa wewe unafuga paka. Nakuuliza amechanjwa lini, unanijibu "juzijuzi". Juzijuzi ndiyo tarehe gani? Tafuta daftari, mwanangu, liwe la huyo paka peke yake. Andika dawa aliyopewa, kiasi gani, siku gani, nani aliyempa, na lini arudishwe kwa daktari. Andika kabla hujaosha mikono, maana ukishaosha utasahau. Karatasi za daktari zishone humo humo, usiache moja kwenye pochi na nyengine juu ya kabati. Halafu litundike jikoni, kila mtu wa nyumba alione, hata yule msiyesemeshana naye. Huyo hasa. Usiniambie hujasoma sana. Mimi mkaa ulikuwa miguuni pangu siku ile. Ningechora mstari mmoja ukutani ungetosha, na herufi zangu za chuoni zingetosha zaidi.

Mnyama hana mdomo wa kusema nshakunywa. Mimi ninao, na niliulizwa.

Mwenyezi Mungu akutunzie huyo paka wako na kila aliye chini ya mkono wako. Akupe mkono usioona uvivu kuandika, na siku utakapoulizwa, akujaalie ujibu. Amin.