Nusu Iliyobaki Juu ya Jiko

Nakumbuka siku niliyouchekesha mkutano mzima kule Marui, mwanangu, na mpaka leo naona haya. Nilikuwa binti wa ofisini, naishi hapa hapa Mkuza, na kila msimu wa kulima naomba ruhusa naenda huko Marui, Kisarawe, kumsaidia shangazi yangu aitwaye Sikudhani. Mdomo nilikuwa nao, we acha tu! Na wewe umeurithi. Jana nimekusikia hapo nje ukiwabishia wenzako kwamba hili joto la dunia ni hadithi za kutishia watu.

Basi siku hiyo alikuja bwana shamba, mgeni kijijini. Akasema dunia inazidi kupata joto, mvua hazitabiriki tena, kwa hiyo mtu asipande mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza. Alisema kwa upole. Mimi huyo nikasimama. "Bwana shamba, lini Pwani kulikuwa na baridi? Mwaka juzi maji yamebeba mpaka kuku wetu, leo unatuambia mvua imeharibika?" Watu wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu, maskini, akakaa. Nikajiona mshindi.

Aliyeniamini kuliko wote ni jirani yetu Mzee Kibwana, aliyefiwa na mkewe na kubaki na wajukuu wanne wa kulea. "Huyu binti kasoma," akawa anawaambia watu. Masika ilipoanza tu, akapanda mahindi yake yote, hakubakiza hata punje. Shangazi alipanda nusu. Nusu nyingine aliiacha ining'inie na maganda yake juu ya jiko, kwenye moshi, wadudu wasiiguse. Nikamcheka na yeye.

Mvua ikakata. Jua likawaka wiki baada ya wiki, miche ikanyauka yote. Nilipopita kwa Mzee Kibwana nilimkuta amechuchumaa shambani, anafukua mashimo kwa vidole akitafuta punje ambazo labda hazijaoza. Aliponiona alinikaribisha vizuri tu, hakunilaumu hata kidogo. Nilirudi nyumbani nalia.

Shangazi hakunifokea. Alishusha yale mahindi, tukakaa tukayapukuchua, akajaza kikapu.

"Haya ni ya Kibwana. Mpelekee."

"Ahsante, Shangazi."

"Ngoja, sijamaliza. Jumapili kuna mkutano, na bwana shamba atakuwepo. Ulibisha mbele za watu, utakwenda kusema mbele za watu."

Nikaona ananionea. "Kwani wewe ulimwamini yule bwana?"

"Sikumwamini," akasema. "Nilikuwa na mashaka. Nikasema huenda anasema kweli, huenda hasemi, ndiyo maana nikabakiza nusu. Wewe hukuwa na mashaka yoyote, mwanangu. Ulitaka kuchekesha tu."

Jumapili nikasimama mkutanoni. Nikasema nilikuwa nimeongea nisichokijua, nikamwomba radhi bwana shamba, nikamwomba na Mzee Kibwana. Kisha Mzee Kibwana mwenyewe akasema, "Kaa, binti, yameisha. Mvua ikirudi uje na jembe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Mvua iliporudi nilikwenda, nikapanda naye yale mahindi ya shangazi mpaka mstari wa mwisho. Hayakuwa mavuno makubwa, lakini wale wajukuu walikula. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikisonga ugali, na ninamshukuru shangazi yangu aliyenitoa kwenye aibu kwa kunipitisha humo humo.

Sasa nisikilize. Kubisha sikukatazi, uliza sana. Ila ukiuliza, subiri jibu. Nenda Gwata, nenda Marui, waulize wanaolima mvua zikoje siku hizi. Na kabla hujasema "uongo" mbele za watu, watazame wanaokusikiliza, maana hujui nani kati yao ana mbegu zake zote mkononi akingoja neno lako. Ukikosea, usinong'one pembeni. Rudi pale pale uliposemea.

Haya, inuka, wenzako bado wapo pale nje. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe ulimi wenye subira na majirani wenye moyo kama wa Mzee Kibwana. Na siku utakayokosea, mwanangu, akujalie mtu aliyekubakizia nusu.