Fundi Imekaa na Laini Inayokatika

Ukimpa kazi fundi huyu, usidhani mmeachana siku anapofunga mkoba wake wa vifaa. Kesho yake atakupigia simu. "Habari za tangu jana? Kazi imekaa?" Keshokutwa atapiga tena. Wiki ikiisha atataka kujua kama bado imekaa, kama wewe mwenyewe hujambo, na yule mtoto aliyekuwa akikohoa anaendeleaje. Watu hawakosi la kusema, wakambandika jina la Fundi Imekaa, na jina likamganda mpaka mke wake naye akawa analitumia akikasirika.

Alianza na redio, akaingia kwenye simu za mezani, na kompyuta zilipoanza kuingia majumbani akazifuata humo humo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Upande mmoja meza yake, bisibisi zimepangwa kwa urefu, simu, na daftari la wateja wa kupigiwa. Upande wa pili cherehani ya mke wake, aliyekuwa akishona mapazia. Mama huyo alisikia kila simu iliyopigwa kutwa nzima, na alikwisha tangaza mbele ya mashahidi kwamba yeye ni mke mdogo. Mke mkubwa ni ile simu.

Fundi hakujali. Ujanani aliwahi kufanya kazi kwa bwana mmoja aliyekuwa akitengeneza na kusahau, akaona jinsi watu walivyorudi na redio zao kwapani, wamenuna. Akaapa yeye hatakuwa hivyo. "Kazi haijaisha," husema, "mpaka mwenye nyumba aseme kwa kinywa chake kwamba imeisha." Ni kanuni nzuri, hakuna wa kuibishia. Ila hata kitu kizuri kikizidi kipimo hutafuta pa kumwagikia.

Katika wateja wake kulikuwa na mzee mmoja, karani mstaafu wa masijala, aliyefiwa na mkewe na kubaki peke yake katika nyumba yenye mafaili mengi kuliko viti. Mtu wa maneno ya kuhesabu. Ukimwuliza habari anakujibu "nzuri", basi, mazungumzo yamefungwa. Jamaa zake walikwisha choka kumpigia simu, maana kuongea naye ni kama kuongea na kabati. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti, kiziwi tangu utotoni, aliyefanya kazi ya kupanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji katika mji wa mbali.

Mama alipokuwa hai, yeye ndiye aliyejifunza lugha ya ishara, baba alimwachia. Mama alipofariki, baba na mwana wakabaki wanatazamana. Binti alijua kusoma midomo, ili mradi mtu amwelekee. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa kuwa mzee alikuwa na tabia moja mbaya: neno likimshinda, hugeuka. Binti alipokuja mara ya mwisho akamweleza kwamba kuna mwanamume anataka kumwoa, mchomeleaji vyuma, kiziwi kama yeye, mzee aligeuza kiti kikaelekea dirishani. Kwa mtu asiyesikia, hiyo inazidi kufungiwa mlango usoni. Binti akafunga begi lake akaondoka. Ikapita miezi saba bila hata barua.

Mzee alikonda. Barua ilipokuja ilikuwa na mstari mmoja na nusu: anunue kompyuta, waandikiane. Alinunua wiki hiyo hiyo. Fundi Imekaa ndiye aliyeifunga, akaiunganisha na modemu, kile kijisanduku kinachoupigia simu mtandao kwa laini ile ile ya simu ya mezani huku kikilia kama paka aliyekanyagwa mkia, akamfundisha mzee kuandika kwa kidole kimoja. Tangu hapo kila Jumamosi saa kumi alasiri baba na binti walizungumza kwa maandishi; sentensi ikiondoka huku, inatokea kule papo hapo. Kumbe mzee maneno alikuwa nayo, tena kibao. Waliongea habari za mbwa wa jirani, za mashine za uchapaji, za magoti ya mzee. Habari ya yule mchomeleaji haikuguswa.

Fundi naye, kila Jumamosi, alimpigia mzee simu kumjulia hali. Kwa adabu aliacha kwanza dakika kumi zipite. Simu ikimwambia kwamba laini ina shughuli, alitabasamu, akatia alama daftarini: wanaongea, kazi imekaa.

Kisha laini ikaanza kukatika.

Jumamosi ya kwanza ilikatika saa kumi na dakika kumi. Na kwa bahati, ndivyo fundi alivyoamini, alikuwa amepiga dakika hiyo hiyo, na safari hii simu ikaita vizuri.

"Shikamoo mzee! Kazi imekaa?"

"Marahaba. Imekatika sasa hivi, fundi!"

"Sasa hivi? Unaona! Nisingepiga ningejuaje?"

Fundi akampa pole, akamwuliza taa za modemu zinasemaje, akamwambia azime, ahesabu mpaka ishirini, awashe, halafu akampa pole tena. Maongezi yakala robo saa nzima. Mzee alipofanikiwa kurudi mtandaoni, binti, aliyekuwa akitumia kompyuta ya kazini kwa ruhusa ya nusu saa, alikuwa amekwisha ondoka.

Jumatatu fundi akaja, akang'oa waya wote wa simu uliopita chini ya zulia, akaweka mpya. Jumamosi ikakatika. Akarudi, akafungua kisanduku cha nje ukutani, akakuta sisimizi wamehamia na familia zao. Akawafukuza kwa brashi na kusugua shaba mpaka ikang'aa. Siku hiyo alikaa na mzee saa nzima kupima. Mtandao ukatulia tuli, kama mtoto mtundu mbele ya mwalimu mkuu. Fundi akaenda zake anapiga mluzi.

Jumamosi ya tatu akapiga.

"Mzee, imekaa?"

"Imekatika!"

"Aisee! Mimi nikipiga tu nakukuta umekatikiwa. Nadhani Mungu ndiye ananituma."

Siku mbili baadaye mzee alimwita nyumbani, akatoa faili. Alikuwa amechapa ujumbe wa binti yake kwenye karatasi, akautoboa matundu mawili na kuufungia humo, kama alivyozoeshwa na kazi ya miaka thelathini. Akampa fundi asome.

"Baba, mara tatu nimeanza kukueleza jambo langu, na mara tatu umekata. Kama hutaki kujua, niandikie hivyo. Jumamosi hii nitafungua mara ya mwisho. Ikikatika nitajua umegeuka tena, nami sitakusumbua."

"Mimi sikukata, fundi," mzee alisema. "Wewe unajua sikukata. Yeye nitamthibitishia kwa kitu gani?"

Fundi alirudi nyumbani miguu mizito. Hakula vizuri. Alichora laini yote kwenye karatasi, kutoka nguzo ya barabarani mpaka modemu, akawa anaipitia kwa kalamu kama mtu anayetafuta uzi ndani ya pilau la waya. Mke wake alisimamisha cherehani.

"Hebu nieleze taratibu," alisema. "Ukiwa kule kwake, inakatika?"

"Haikatiki. Nilikaa saa nzima."

"Ukiwa hapa?"

"Inakatika."

"Na ukiwa hapa unafanya nini?"

"Mimi? Sifanyi kitu. Nipo hapa. Nampigia tu kumjulia ha..."

Akaiweka kalamu chini. Mke wake akarudisha mguu kwenye cherehani. "Kikulacho ki nguoni mwako, baba watoto," alisema, na pazia likaendelea kushonwa.

Asubuhi yake walijaribu. Fundi alikwenda kwa mzee, akaingia mtandaoni, akaketi anatazama taa za modemu huku saa yake ameivua na kuiweka mezani. Saa tano kamili, kama walivyokubaliana, mke wake alipiga kutoka kule karakana. Modemu ilitoa kamlio kadogo, taa mbili zikazimika, na papo hapo simu ikaanza kuita. Fundi aliinua mkono wa simu.

"Imekatika?" mke wake aliuliza.

"Imekatika."

Upande wa pili kikasikika kicheko ambacho fundi hatakisahau upesi. Alikata simu kabla hakijaisha.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na ndiyo maana liliuma. Shirika la simu lilikuwa limewawekea wateja wote huduma mpya, bila kuombwa: ukiwa unaongea na mtu, kisha mwingine akakupigia, badala ya yule mwingine kuambiwa laini ina shughuli, wewe unasikia mlio mdogo sikioni wa kukujulisha. Binadamu akiusikia mlio huo anasema "subiri kidogo." Modemu haijui kusubiri. Ikiusikia inadhani mambo yameharibika, inakata. Na katika dunia nzima, mtu aliyekuwa akimpigia mzee huyo Jumamosi saa kumi na dakika kumi alikuwa mmoja tu.

Fundi aliketi na mkono wa simu mapajani. Angeweza kunyamaza. Angebonyeza tu alama chache kwenye simu, zile zinazoizima huduma hiyo, akasema ni waya, akapewa asante yake na kwenda zake. Mzee asingejua mpaka kiama. Wazo hilo lilimpitia, tena halikupita mbio. Lakini faili lilikuwa pale mezani, na barua ya yule binti ndani yake, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawa moto.

"Mzee wangu," alisema, "nisamehe. Aliyekuwa akikukatia ni mimi."

Akamweleza yote, pamoja na sisimizi wasio na hatia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kwa hiyo waya ule mpya?"

"Haukuwa na haja."

"Na wa zamani?"

"Ulikuwa mzima kuliko mimi."

Mzee alicheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, na fundi, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, akajikuta anacheka naye huku machozi yanamlengalenga. Mzee alipotulia alisema, "Jumamosi njoo ukae hapa. Ukiwa hapa angalau najua hunipigii."

Jumamosi fundi alifika saa tisa na nusu, amenyoa ndevu kama mtu anayekwenda kuposa. Alizitia zile alama za kuizima huduma mbele ya namba ambayo modemu hupigia mtandao, akazijaribu mara mbili, kisha akavuta kigoda akaketi ubavuni mwa meza, mahali anapoziona taa bila kuona skrini, kwa kuwa maneno ya baba na mwana hayakumhusu. Saa kumi juu ya alama, modemu ililia kilio chake, ikanyamaza. Taa zikawaka. Kidole cha mzee kikaanza kudonoa.

Dakika tano. Saba. Tisa. Ilipofika ya kumi fundi alijikuta amekalia viganja vyake. Ya kumi ikapita, na ya kumi na moja nayo, na taa hazikupepesa. Alitamani kushangilia. Hapo ndipo alipogundua kwamba kidole hakidonoi tena.

Mzee alikuwa ameganda. Kidole kilikuwa hewani juu ya kibodi, na rangi ya uso wake haikuwa ya mtu mwenye furaha. Ilipita dakika nzima. Kiti kilikuwa cha magurudumu, na fundi aliona mguu mmoja wa mzee umeanza kusukuma sakafu, taratibu, kama wa mtu anayetaka kuelekea kwingine.

"Fundi," mzee alisema kwa sauti ndogo, "imekatika?"

Fundi aliitambua sauti ile. Amekaa na wateja miaka yote hiyo, anajua mtu anayeogopa kuambiwa imeharibika. Huyu alikuwa akiogopa kuambiwa ni nzima. Neno moja tu lingemtosha, na ni fundi aliyekuwa nalo. Aliwahurumia wote wawili, aliyeko na asiyekuwepo.

"Haijakatika, mzee," alisema. "Anakungoja."

Mzee aliyafumba macho, akayafumbua. Kisha aliigeuza skrini kidogo ili fundi naye aone, labda kwa kuwa hakutaka kuwa peke yake nayo. Pale palikuwa na mistari mitatu.

"Baba, nimekubali kuolewa. Ni yule yule niliyekwambia."

"Nataka uwepo."

Na chini yake, wa sasa hivi: "Baba, upo?"

Mguu wa mzee uliacha kusukuma. Alijisogeza mbele mpaka kifua kikagusa meza, akaanza kuandika, herufi moja, nyingine, anazitafuta kama mtu anayeokota sindano. Alikosea mara mbili, akafuta, akaandika upya. Fundi alifuatisha kwa macho.

"Nipo," mzee aliandika. "Njooni wote wawili. Wewe tangulia siku moja, unifundishe kumsalimia kwa mikono."