Niliweka kiinua mgongo changu kwa kampuni ya kompyuta ya mwanafunzi wangu

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Mvua imeanza na nguo zangu ziko kwa kamba, lakini leo lazima nitoe hii. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Kama ningekuwa natunga, ningejipa akili zaidi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Hesabu shule ya upili. Ndiyo, Hesabu. Chekeni polepole.

Nilipopata kiinua mgongo, mume wangu alitaka tununue shamba la miwa kwao Matungu. Mimi nimezaliwa ndani ya miwa, nikalipiwa karo na miwa, nikaolewa kwa watu wa miwa. Nikamwambia safari hii pesa iende mahali ambapo haitangoja trekta la kiwanda.

Basi akatokea Amukoya.

Amukoya alikuwa mwanafunzi wangu, yule wa kumaliza mtihani kabla ya wengine halafu aanze kusahihisha swali lenyewe. Alikuwa na kampuni hapa mjini. Naiita K kwa sababu bado iko. Walikuwa wanaletewa vipuri vilivyotumika, wanaunda desktop, wanabandika jina lao. Mashine zilikuwa nzuri sana. Hata hii naandikia ni yao.

Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa ananunua. Kila mtu ana simu, na anayetaka kompyuta anataka laptop. Wafanyakazi walikuwa sita, wakabaki wawili.

Alikuja kwangu mtaa wa Amalemba Jumapili moja baada ya kanisa, na faili kwapani. Amekonda, lakini kola imepigwa pasi. Akanywa chai, akanieleza kwamba shule ziko karibu kuagiza kompyuta, anahitaji tu kuvumilia mwaka mmoja. Akafungua faili. Barua tisa za shule, zote na mihuri. Akasema nikiingia, theluthi moja ya kampuni ni yangu.

Mzee wangu alisikiza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Kwani hizo shule zimelipa?"

Nikamwambia yeye haelewi biashara. Hilo nilishamwomba msamaha, tusilirudie.

Nikaingia.

Nikiri pia kwamba cheo kilinipanda kichwani. Nilichapisha kadi zilizoandikwa Director. Nilimpa pasta. Nilimpa mama anayeniuziaga avokado, akaikunja akafungia pilipili ya mteja.

Miezi mitatu ikapita, hakuna oda hata moja. Nikaanza kukaa dukani kila asubuhi nione tatizo ni nini. Watu walikuwa wanaingia, tena wengi! Huyu anauliza chaja. Mwingine amebeba laptop imekataa kuwaka. Amukoya anawaelekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, kwa heshima kabisa. Alikuwa ananiambia sisi tunaunda, hatukarabati za wengine. Na mimi nimekaa pale na kadi zangu, naangalia pesa ikivuka barabara.

Siku moja nikachukua lile faili, nikaenda mwenyewe kwa shule moja huko Matungu, ya kwanza kwa faili. Naibu mwalimu mkuu akanipokea vizuri. Akasoma barua yao, akaigeuza nyuma, akanirudishia.

"Madam, hapa tulikuwa tunauliza bei tu. Tuliuliza watu wengi. Pesa yenyewe hatujawahi kupata."

Nikairudisha barua kwa faili. Nadhani alinihurumia, akaanza kunitembeza shule. Tukafika stoo. Mle ndani kulikuwa na kompyuta ishirini za msaada, zimefunikwa magunia. Akasema zilifanya kazi muhula mmoja, zikalala, na hawajapata mtu wa kuziamsha.

Nilirudi mjini moja kwa moja mpaka dukani. Amukoya alikuwa ameinamia mashine na bisibisi. Nikaweka faili mbele yake. Hakuuliza nimetoka wapi.

"Nilijua si oda, Madam," akasema. "Ningekuambia ukweli hungeingia. Na bila wewe ningefunga wiki ile."

Sikupiga kelele. Nilikaa chini. Nikakumbuka daftari zake za kidato cha tatu: jibu sahihi, hesabu ya kufikia jibu haionekani popote, na mimi nampa maksi zote kwa sababu ni Amukoya.

Nikamwambia achague. Anirudishie pesa yangu, ambayo sote tulijua haipo, au abebe hiyo bisibisi twende Matungu. Akasema yeye si fundi wa kando ya barabara. Nikamjibu kwamba hata mimi mpaka asubuhi ile nilikuwa Director.

Jumatatu tukaenda.

Kati ya zile ishirini, kumi na nne ziliamka. Shule ikalipa, si nyingi, lakini ililipa. Naibu akatutaja kwa shule jirani. Halafu kikundi cha wakulima huko Iguhu kikatuita tuamshe kompyuta za ofisi yao. Sasa K haiundi kompyuta tena isipokuwa mtu aombe. Inazunguka mashuleni ikikarabati. Wafanyakazi sasa ni wanne.

Je, kampuni iliinuka? Wakuu, imekaa kitako. Kusimama bado. Kwa mwendo huu pesa yangu itarudi nikiwa na miaka themanini. Na Amukoya, ilichukua muda mrefu kabla nimwangalie nisione lile faili.

Nilichojifunza ni kwamba kumpenda mtu na kuiamini biashara yake ni vitu viwili. Mimi nilinunua hisa za kijana niliyempenda, nikadhani nimenunua kampuni.

Mwezi uliopita mstaafu mmoja aliingia dukani, amesikia tunafanya vizuri, anataka kuweka kiinua mgongo chake. Amukoya akanitazama. Nikamvutia yule mzee kiti, nikamweleza yote, na barua tisa nikamwonyesha. Amukoya hakunikatiza. Mzee alisikiza, akashukuru, akanunua mouse, akaenda zake.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuweka pesa kwa kampuni inayozama aseme ilimwendeaje. Na kama shule yenu ina kompyuta zimelala chini ya magunia, niandikie inbox.