Faili ya Mto Iliyokwama Garsen

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya maji ya Hola, Mhandisi Mkuu alifunua kompyuta iliyofunikwa leso kuukuu kwa ajili ya vumbi.

"Binti, hii ni Unix. Haina picha wala mchezo. Unaiandikia amri, inatii. Ukikosea, inatii vilevile."

Kando yake palikuwa na modemu, kisanduku kinachogeuza maandishi ya kompyuta kuwa mlio unaopita kwenye waya wa simu. Kazi yangu ilikuwa kupokea vipimo vya kina cha Mto Tana kutoka vituo vya juu ya mto, kuviweka kwenye faili na kuituma Garsen. Kule alipokea Maro, mwenyeji wa Hewani, mpole asiyejua kuinua sauti.

Nyinyi mnaotuma video mkitembea, haya mtayaona ajabu. Faili ilikatwa vipande. Kila kipande kilingoja jibu kwamba kimefika salama, la sivyo kilitumwa tena. Waya ukiwa na kelele nilipunguza kasi. Simu ikikatika ghafla, kompyuta iliacha kufuli, yaani alama ya kusema modemu inatumika, ikakataa kupiga tena mpaka niifute mwenyewe.

Mwaka mmoja mvua za bara zilizidi. Asubuhi moja vipimo vikapanda ghafla, nikatuma faili. Ikakwama katikati. Nikafuta kufuli, nikapunguza kasi, ikakwama tena. Waya ulikuwa mmoja tu, kwa hiyo nikaiacha modemu, nikapiga simu ya mdomo.

"Maro, maji makubwa yanakuja. Watu wa Hewani wahame leo."

Nilimsikia akimweleza Msimamizi wa Kituo, kisha sauti nzito ikaja: "Bibi, juzi nilihamisha watu kwa maneno ya simu, maji hayakuja, wakanitukana. Nataka vipimo."

"Nikusomee uandike?"

"Tuma faili." Akakata.

Nilituma mpaka alasiri. Kipande, jibu. Kipande, jibu. Kipande, kimya. Mwisho hata mlio wa simu ukapotea. Nguzo zilikuwa zimeanguka.

Maro hakungoja ruhusa. Alichukua baiskeli akaenda Hewani, akakuta barabara imemezwa. Mama yake alikuwa ng'ambo ya maji. Maji yalipopungua mama huyo alikutwa amekufa, amenasa kwenye migomba yake.

Nguzo zilipoinuliwa, nilitumwa Garsen kutafuta hitilafu. Niliikuta nyuma ya ukuta wa ofisi: kiungio cha waya kilichoingiwa na unyevu, kikashika kutu. Maro alikuwa amenishikia tochi.

"Ni hiki tu, dadangu?"

"Ni hiki tu."

Nilikisafisha. Faili ikapita yote, bila kukwama. Maro alizima tochi akaingia ndani.

Baadaye nilihamishiwa Bangale, nikastaafia huko, modemu zikiwa zimeshatupwa stoo. Nilijiambia angalau vijana hawatakutana na tuliyokutana nayo.

Mvua zilizopita, tahadhari ya mafuriko iliingia kwenye simu za watu wote mapema. Nilikwenda Garsen kumtazama Maro, nikamkuta kambini chini ya turubai, yeye na wajukuu, nyumba imekwenda na maji.

"Ujumbe hukuupata?" nikamuuliza.

"Niliupata, dadangu. Niliusoma nikaumaliza. Haukusema niende wapi."

Nilikaa naye mkekani.