Bi Nuru na Wawili Aliowaomba

Bi Nuru Athumani wa Madimba ni mjane, mtu wa swala zake na mikorosho yake, na Mungu hakumjaalia kuzaa. Alipokwenda ustawi wa jamii kuomba kulea, hakuna aliyeshangaa. Watoto walitoka kambi ya wavuvi kule Msimbati. Mama yao alifariki, baba akavuka Ruvuma kutafuta riziki, habari zake zikakatika. Kilichowashangaza watu ni kwamba aliwaomba wote wawili, Nasra na mdogo wake Rajabu, na aliwaomba mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kuiva.

"Anayetaka mtoto huchukua mmoja," alisema Bi Riziki, aliyepakana naye shamba, tulipokutana kisimani. "Anayechukua wawili msimu wa korosho anataka vibarua."

"Astaghfirullah, Riziki. Dhana mbaya ni dhambi," mmoja wetu akamwambia.

"Basi nitatubu baadaye. Kwanza nitazame."

Na alitazama kweli. Watoto wakitoka shule, Bi Riziki yuko uani anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Wakitumwa dukani, anawaita: "Hebu njooni, wajukuu. Mmekula nini? Bibi yenu anawapiga?" Nasra alikuwa akijibu, "Shikamoo bibi, tumekula," kisha anamshika mdogo wake mkono, wanakwenda zao. Hilo nalo likawa neno. "Mnaona? Kameshafundishwa kuficha."

Bi Nuru naye hakuwa na raha. Kasiani, afisa wa ustawi, alimwambia siku ya kuwakabidhi kwamba yuko kwenye majaribio, na akiona kasoro atawahamisha. Tena mjini kulikuwa na watu wanaomtaka Rajabu peke yake, kwa kuwa bado mdogo. Nasra wasingemchukua, amekwisha kuwa mkubwa, walisema. Kwa hiyo kila pikipiki iliyokata kona ya barabara ya kiwanda cha gesi, Bi Nuru alinyoosha shingo akidhani ni Kasiani.

Siku moja Rajabu akarudi nyumbani midomo imevimba, imebabuka, ngozi nyeusi inabanduka. Huku kwetu hilo halihitaji daktari kulitambua. Ni utomvu wa ganda la korosho.

"Umefanyaje, baba?" Mtoto akamtazama dada yake. Akamgeukia Nasra.

"Ameanguka, bibi."

Aliyeanguka huchubuka, haungui. Bi Nuru alimpaka mafuta ya nazi. Korosho zake zote zilikuwa zimekwisha kwenda ghalani kuuzwa. Sasa nani anambangulisha mtoto wake kwa siri, ampasulie maganda ya korosho? Akakumbuka nani anawaita kila siku uani kwake.

Bi Riziki naye, kumwona tu mtoto, alipiga simu mjini. "Bwana Kasiani, njoo. Nilisema mimi! Anawabangulisha korosho mpaka midomo inaungua."

Kasiani alikuja bila kutoa taarifa. Aliwakuta wale mama wawili tayari wanarushiana maneno mpakani.

"Nani kakwambia umfanyishe mwanangu kazi?"

"Kazi yangu? Mimi nina vibarua wangu, Nuru! Wewe ndiye uliyeomba wako serikalini!"

Kasiani aliutazama mdomo wa mtoto, akauliza kilichompata, mtoto akajificha nyuma ya dada yake. Mwisho akasema kwa upole, "Mama, kwa sasa nitaondoka na Rajabu. Wale wa mjini watakaa naye wakati tunachunguza. Nasra abaki na shule yake."

Bi Nuru aliketi chini palepale kwenye mchanga. Nasra hakulia. Alikimbilia nyuma ya jiko, akarudi na kopo la maziwa, akalimwaga mbele ya miguu ya Kasiani. Zikatoka korosho mbichi.

"Msimchukue. Mwizi ni mimi."

Akaeleza. Wakitoka shule, wenzao huokota mabibo shambani kwa Bi Riziki, nao wakala. Wenzao walikuwa wakinyofoa korosho na kuziacha chini ya mti. Yeye akadhani wanazitupa, akaziokota. Rajabu akaing'ata moja aone ndani mna nini. Baadaye ndipo mwenzake akamwambia: hapa bibo unakula bure, korosho unamwachia mwenye shamba, anayeondoka nayo ni mwizi. "Nikaogopa mtaturudisha. Nikamwambia asiseme."

Mtoto wa Madimba hujua sheria hiyo kabla hajajua kuhesabu, na ganda bichi halitiwi mdomoni. Hakuna aliyefikiria kwamba hawa wamekulia kwenye samaki.

Kasiani akamgeukia Bi Riziki. "Mama, mali ni yako. Unashitaki?"

Bi Riziki aliinama, akachambua zile korosho, akainua moja yenye alama za meno. Aliitazama sana.

"Mwizi gani huyu anayekula korosho na ganda lake?" Mtu mmoja akacheka. Yeye hakucheka. "Sishitaki. Lakini kutazama siachi."

"Hata mimi siachi," alisema Kasiani. "Watabaki pamoja. Nitakuja tena, na sitapiga simu."

"Njoo hata kesho, mwanangu," Bi Nuru akajibu.

Jioni ile Bi Riziki aliwaita watoto kwenye mikorosho yake, awaonyeshe namna ya kunyofoa korosho bila kujichafua utomvu. Bi Nuru aliwaruhusu, wakaenda wote wawili. Naye akafuata nyuma, akaketi pembeni na tasbihi yake, vidole vinahesabu, macho hayamtoki Riziki.