Taa Nyekundu ya Mama Kandida

Agnela alikwenda kwenye intaneti kafe ya Peter akiwa na jambo moja tu: kumwandikia dada yake wa Nairobi kwamba mama yao kule Rombo ameanza kupata nafuu ya kifua. Ilikuwa Januari ya mwaka 2003, msimu wa sare za shule. Wiki mbili mfululizo alikuwa hajanyoosha mgongo mbele ya cherehani yake pale Themi, Arusha, akishona kaptula za bluu na sketi za bluu, mpaka akifumba macho anaona bluu tupu.

"Shikamoo, Mama Kandida."

"Marahaba, baba. Nipe mashine iliyo mbali na mlango, upepo huu unanimaliza."

Peter alimpa kiti. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye mke na ofisi, lakini miaka kumi nyuma alikuwa akija na yunifomu ya sekondari kukaa kwenye benchi la Agnela. Enzi hizo, shirika la umma alikokuwa akiuza vitambaa lilipofungwa na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, Agnela alichukua kiinua mgongo chake akaenda Namanga mpakani, akanunua televisheni na mashine ya gemu. Bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kumiminika, na kila mtu alikuwa akijaribu bahati yake. Aliifungua ile gemu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na vijana wakajaa.

Kaseti waliyoipenda kuliko zote ilikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Ndani yake mzee mmoja mwenye kofia pana aliingia mapangoni akiwa ameshika taa ya bluu. Vijana wakamwita Mzee Taa, na jina likakaa.

Miaka mitano baadaye chumba kilikufa. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanatoroka shule, mzee wa jumuiya akaja kumsema, kisha wenye uwezo wakanunua mashine zao wenyewe. Agnela akauza kila kitu, kaseti na mashine, akakaa kwenye cherehani.

Kwa hiyo alishtuka alipoinua macho akamwona Mzee Taa kwenye kioo cha kompyuta ya Peter.

"Huyu naye bado yupo?"

Peter akacheka kwa aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa akilamba sukari. Akamweleza. Kulikuwa na mashabiki wa ile gemu katika nchi nyingi, watu wazima, waliokuwa wakiandikiana kila siku. Walijua kila pango. Sasa walikuwa wakichimbua yale yaliyofichika: picha na miziki iliyoachwa ndani ya kaseti bila kutumika, na vitu vilivyotengenezwa vikauzwa sehemu chache tu, vikapotea. Ndani ya kaseti walikuwa wamekuta picha ya taa nyekundu, ambayo mchezaji haioni hata acheze mpaka mwisho. Ikawa ubishi. Wengine walisema taa nyekundu ilikusudiwa iwemo kwenye mchezo, na hata taa ya plastiki ya kuiuza ilishatengenezwa. Wengine walisema ni uzushi, kwani hakuna aliyewahi kuiona.

"Nyekundu," Agnela alisema. "Ya betri mbili. Ina picha yake ubavuni."

Peter aliacha kutafuna bigijii.

"Ilikuwa kwenye boksi la mashine," Agnela aliendelea. "Wewe mwenyewe umekaa chini ya mwanga wake wakati wa mgao wa umeme, mkisubiri umeme urudi. Umesahau?"

Alikuwa amesahau kabisa. Akashika kichwa. "Iko wapi, mama?"

Ilikuwa kijijini Oldonyo Sambu, kama bado ilikuwepo. Agnela alimpa Simaloi, mwanamke aliyekuwa akimletea maziwa, mwaka ule wa mvua kubwa zilizokata barabara. Simaloi alikuwa mjamzito, na ng'ombe wake naye alikuwa karibu kuzaa. Agnela alimtilia ile taa kikapuni bila kufikiri mara mbili.

Jumapili baada ya misa Peter alikuja na pikapu ya kuazima. Agnela alitaka kulala. Alikuwa amejiahidi usingizi wa mchana tangu Jumatano. Lakini kijana alikuwa amesimama mlangoni na shati lililopigwa pasi, na akaona haya kumrudisha.

Upande ule wa mlima Meru ulikuwa umekauka, vumbi likiingia hadi kwenye meno. Walimkuta Simaloi akianika maharage. Peter akamsalimu kwa Kimaasai: "Takwenya." "Iko," Simaloi akajibu, kisha akamtazama Agnela kwa muda mrefu, akaangusha ungo.

"Mama Kandida! Umekonda."

"Nimechoka, mwenzangu. Kukonda ni kidogo."

Walikunywa chai ya maziwa kwanza. Peter alikuwa akitingisha goti. Alipouliza habari ya taa, Simaloi alisema ilivunjika zamani, ikakanyagwa na ndama. Vipande vilitupwa. Kilichobaki ni kitako chake tu, alichokuwa akipimia chumvi ya mifugo. Akakileta: kisahani chekundu kilichopauka, na chini yake namba na herufi ndogo zilizochomoza.

"Huyu alizaliwa kwa mwanga wake," Simaloi alisema, akimwonyesha Nashipae, binti wa miaka mitano aliyejificha nyuma ya sketi yake. "Mvua inanyesha, mto umejaa, mkunga hawezi kuvuka. Mama mkwe alishika taa kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili. Asubuhi betri zikafa."

Agnela hakuwa amejua. Miaka mitano, na hakuwa amejua. Alimvuta yule mtoto akamfunga kifungo cha gauni kilichokuwa wazi.

Simaloi aliwaazima kile kitako. Peter alikilaza kwenye skana ya kafe yake na kutuma picha yake kwa wale mashabiki. Majibu yalianza kuja siku ileile, na hayakukoma. Ni nani aliyemuuzia? Boksi lilikuwa na rangi gani? Swichi ilikuwa ya kubonyeza au ya kusukuma? Je, ana risiti? Kila jioni, akitoka kununua uzi, Agnela alipita kujibu, na Peter akatafsiri. Wiki ya tatu mmoja akaandika kwamba namba zile ni za bidhaa bandia, na yule mama labda anakumbuka vibaya.

Agnela alijifuta uso. Macho yalikuwa yakimwasha kwa kushona.

"Waandikie habari ya mtoto," alisema. "Mvua, mto, mama mkwe. Yote."

Peter aliandika ukurasa mzima, akisoma kwa sauti kila sentensi. Kesho yake lilikuja jibu moja. Agnela akauliza linasemaje.

"Wanasema asante sana, ni habari nzuri." Peter alisita. "Halafu wanauliza, mwanga ulikuwa mweupe au wa njano?"

Agnela alicheka mpaka akashika kiuno. Kilikuwa kicheko cha uchovu, kisichokuwa na hasira. "Njano," akasema. "Waambie njano."

Mwezi Machi mzee mmoja wa nchi ya mbali, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda kilichotengeneza taa zile, aliziona namba akazithibitisha. Ubishi ukaisha. Kwenye orodha yao mashabiki wakaandika kwamba taa nyekundu ilikuwepo, na kwamba shahidi ni mwanamke mmoja wa Arusha.

"Mwanamke mmoja?" Agnela aliuliza. "Jina ninalo. Na Simaloi analo."

Peter aliwaandikia hapohapo. Baada ya siku mbili alimwita kwenye kompyuta aone. Jina la Simaloi lilikuwa sawasawa. La kwake walikuwa wameandika Angela.

"Nitawaambia wasahihishe, mama, sasa hivi."

"Kesho," alisema Agnela, akitwaa mfuko wake wa vitambaa. "Leo nina vifungo arobaini. Na ukienda Oldonyo Sambu, mrudishie Simaloi kile kisahani, anapimia chumvi kwa mkono."